Boti inaondoka, una pumzi moja

Leo nimemwonea wivu binti wa kidato cha pili.

Nilikuwa napiga plasta nje ya darasa, hapa Ujiji. Mwalimu akasoma habari ya mama aliyeanika dagaa, mvua ikanyesha.

Akawaambia wanafunzi: "Ndugu yako yumo kwenye boti, inaondoka. Una pumzi moja. Mpigie kelele wazo kuu."

Nikaropoka dirishani: "Dagaa wameloa!"

Darasa zima likacheka.

Binti mmoja akasema, "Shikamoo fundi. Hilo ni tukio. Wazo kuu ni kwamba mama yule anaishi kwa huruma ya jua."

Kwetu Singida, swali hilohilo la wazo kuu nilichapiwa nilipokosea. Mwalimu wetu alijua kusema tu, "Soma tena." Nikaacha shule.

Nyinyi mlifundishwaje?

Boti yangu inaondoka, jamani, wazo langu kuu ni hili: ningefundishwa hivyo, na mimi ningeweza.