Koti Lililokaa Miaka Miwili Bila Kuguswa

Alhamisi, tarehe 7 Machi. Mawingu mazito tangu asubuhi, joto la kukaba shingo, mvua hakuna.

Karani wa masjala alikuwa siku ya nne ya likizo, na kabati lilikuwa wazi. Tangu Januari alijiapiza kutonunua nguo mwaka mzima. Alikuwa na magauni kumi na manane, akivaa matano tu. Likizo hii angeyafufua mengine kwa sindano na mkasi.

Alifanya kama afanyavyo kazini. Kila nguo aliibandikia kikaratasi kwa pini: INATUMIKA, IREKEBISHWE, ITOLEWE. Ofisini kwao jalada lisiloguswa miaka miwili huondolewa rafuni, wala haulizwi mtu. Kanuni hiyo alikuwa ameifuata miaka kumi na tisa, na hakuona kwa nini nguo zipewe upendeleo.

Koti la kijivu la mumewe lilikuwa mwisho kabisa wa kabati, ndani ya mfuko wa plastiki. Huu ulikuwa mwaka wa tatu halijatoka humo. Naye alikuwa na gauni jeusi zuri ambalo ofisini halivaliki kwa sababu halina mikono. Alitazama koti, akatazama gauni. Kufika saa saba mchana mikono ya koti ilikuwa imefumuliwa, imepunguzwa imfae yeye, na imeshonwa kwenye gauni.

Wifi yake, fundi cherehani anayekaa nyumba ya pili, alikuja kufuata mkasi wake.

"Makubwa! Wifi, gauni limependeza! Kitambaa umekipata wapi?"

"Kabatini."

"Kabati la nani?"

"Letu."

Wifi aliona kilichobaki juu ya kiti. Akakaa kitandani.

"Hili si la kaka? La kuagwa kesho?"

Karani alijua kwamba kesho mumewe anaagwa, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha basi la shule. Alikuwa ameiandika tarehe kwenye kalenda kwa wino mwekundu.

"Si atavaa sare?"

"Sare kairudisha jana. Koti hili kaka alilinunua kwa siku hiyo. Alisema angalau mara moja wale wazazi wa wanafunzi wamwone amevaa kama wao."

Hayo mkewe hakuyajua. Mumewe hakuyasema, naye hakuuliza.

Walikwenda mitumbani mbiombio. Karani alikuwa tayari kuvunja kiapo, lakini hakuwa tayari kukivunja ovyo. Kila koti alilokabidhiwa alilichunguza mishono, kisha akauliza: litavaliwa mara ngapi, litaendana na suruali gani, bitana ikichanika itashoneka? Kwenye koti la sita muuzaji alimkazia macho.

"Mama, unanunua koti au unamtafutia binti mchumba?"

Makoti yaliyopita maswali yote yalikuwa mawili, na yote yangembana mumewe mabega. Walirudi mikono mitupu.

"Basi koti tunaligeuza kizibao," wifi alisema, akaketi kwenye cherehani. Alikunja kingo za makwapa, akazishona, akapiga pasi. Kilikuwa kizibao kizuri. Hilo halikumpunguzia karani kosa lake hata kidogo.

Saa kumi na moja jioni mumewe aliingia, kichwa kimenyolewa upya. Karani alimkabili mlangoni.

"Koti lako nimelikata mikono. Sikukuuliza. Kosa ni langu."

Mumewe aliuliza:

"Mikono iko wapi?"

Akaonyeshwa gauni. Aliushika mkono mmoja, akaupapasa mpaka mwisho kwenye vifungo vitatu vidogo. Kisha akavaa kizibao, akasimama mbele ya kioo.

"Kaka, kifua kimekaa sawasawa," wifi alisema.

"Nyamaza wewe. Na wewe umo."

"Mimi nimekuja kufuata mkasi tu."

Mumewe aligeuka upande, akageuka upande wa pili.

"Miaka yote hii nimelitunza zima," alimwambia mkewe. "Kesho litakwenda zima. Utavaa hilo gauni, ukae mbele nikuone."

"Mbele watakaa wazazi."

"Utakaa mbele."

Kesho yake asubuhi karani alimfunga mumewe vifungo vya kizibao, akavaa gauni, wakaenda shuleni kwa miguu. Alikaa mstari wa mbele, katikati ya wazazi wawili asiowajua. Mumewe alipoitwa jina, karani alipiga makofi. Mikono ya kijivu ikapanda mpaka kwenye viwiko. Akaishusha, akapiga tena.