Siku Bibi Natalia Alipoposwa

Nikisikia mtu wa Lipangalala anasema bibi yangu Natalia aliokotwa, damu inanichemka. Kitu cha kuokotwa ni kile kisicho na mwenyewe. Bibi alikuwa na baba na mama, alikuwa na ukoo mzima kule milimani Mahenge, mpaka Vita vya Maji Maji vilipopita na maghala ya chakula yakachomwa moto. Njaa ndiyo iliyomleta bondeni. Baba yake alimshika mkono, wakashuka mpaka huku Ifakara ambako mpunga ulikuwapo, akamwacha Lipangalala kwa mzee mmoja Mndamba na kupewa kikapu cha mpunga. Ilikuwa rehani. Mtoto anabaki, chakula kinakwenda kuwaokoa wengine, na siku mpunga utakaporudishwa, mtoto anarudi kwao. Bonde zima lilijua utaratibu huo.

Baba yake hakurudi. Labda alikufia njiani na kikapu chake kichwani, nani ajuaye.

Bibi akakulia pale pale. Alitwanga, aliteka maji, alishinda juu ya dungu huko mashambani ng'ambo ya mto akifukuza ndege, huku watoto wa nyumba ile wakicheza. Alipokua, Valeriani, kijana mkubwa wa mzee yule, akampenda. Hilo silikatai, babu alimpenda kweli. Wakabatizwa, wakafunga ndoa misheni. Lakini mahari haikutoka. Itolewe kwa nani, na mwanamke hana baba wala mjomba wa kupokea? Mzee alikuwa akisema kwa kicheko kwamba yeye mahari alishatoa zamani, kikapu kizima, na watu wakacheka naye. Mkuki kwa nguruwe.

Mama yangu, Verediana, ndiye mtoto wao pekee aliyepona utotoni. Aliolewa Mlabani, akawa mpika vitumbua wa hapo hapo, na wengi walimjua kwa vitumbua vyake kabla ya kumjua kwa jina. Siku alipoolewa, babu Valeriani alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mdogo wake, Leodegar, alikaa mahali pa baba. Mbuzi alipokea yeye. Jembe la mahari alilipokea yeye, kwa mikono miwili, na akashukuru. Hili likumbukeni.

Na mama yake huyo Leodegar alipougua na kulala kitandani, aliyemwogesha na kumlisha uji mpaka akakata roho ni bibi Natalia. Fadhila za punda ni mateke.

Mwaka 1957, mavuno yakiwa yamekwisha, bibi akafariki. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, tena mbele ya wengi: alazwe ubavuni mwa mumewe. Makaburi ya ukoo yako nyuma ya nyumba kule Lipangalala, kwa safu, na pembeni ya Valeriani paliachwa nafasi. Sisi tuliofika kutoka Mlabani tukakuta vijana wanachimba upande mwingine kabisa, kule kwenye mianzi, walikozikwa wapita njia.

Mama akaenda moja kwa moja alikokaa Leodegar na wazee wenzake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Verediana. Pole kwa msiba."

"Wale wanamchimbia nani?"

"Wanamchimbia mama yako."

"Mama aliomba alale na baba."

"Najua alichoomba," Leodegar akasema. "Safu ile ni ya ukoo, na ukoo haukumtolea mama yako mahari. Aliletwa rehani hapa. Tumekaa naye vizuri, tumemzeesha. Lakini amekufa rehani."

Katekista Tadei, aliyekuja kuongoza sala, akamwambia taratibu kwamba hawa walifunga ndoa kanisani.

"Kanisa lina yake," Leodegar akajibu, "na ukoo una yake."

Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa tayari, nimesimama na wanawake, na nilitamani kumrukia mzee yule. Wenzangu wakanishika kanga. Mama aligeuka akaingia nyumbani kwa bibi, na watu wakadhani amekwenda kulia.

Akatoka na kikapu kichwani. Kimejaa mpunga mpaka mdomoni, mpunga wa mavuno yale yale, ambao bibi aliupanda, akaulinda na ndege, akauvuna mwenyewe na mgongo wake ule uliopinda. Akakitua miguuni pa Leodegar.

"Umesema rehani mbele ya watu," akamwambia. "Rehani hukombolewa. Pokea."

"Verediana, hapa ni msibani."

"Msiba ni wangu. Pokea mpunga wenu."

Leodegar akawatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Mwisho mzee Barnaba, aliyewazidi wote kwa umri, akasema, "Utaratibu tunaujua. Mwenyewe umelitamka. Pokea." Leodegar akainama, akashika ukingo wa kikapu. Nilifurahi kumwona ameinama, Mungu anisamehe kama anataka.

"Sasa mama ni mtu wa kwao," mama akasema. "Namchukua, nitamzika Mlabani. Na wewe, baba mdogo, ukae uniambie: kama mama hakuolewa hapa, mahari yangu uliipokea kama nani?"

Kila mtu pale alimwona akipokea mbuzi wale, na nyama wengine walikula. Tena kumtoa mke wa marehemu Valeriani nyumbani kwake akiwa maiti, abebwe kupita njia kuu hadi Mlabani, ni aibu ambayo ukoo mzima ungesutwa nayo miaka yote. Wazee wakaanza kunong'onezana.

"Mwanangu," Barnaba akasema, "mama yako aliomba alale kwa mumewe. Usimnyime."

"Simnyimi. Mkimtaka, njooni mpose."

Mama akaketi mkekani karibu na kichwa cha marehemu, mahali pa mjomba. Wazee wakamsukuma Leodegar kwa macho. Yeye akaenda kwa wachimbaji, akachukua jembe mkononi mwa kijana mmoja, akarudi akapiga magoti, akaliweka mbele ya mama likiwa na udongo wake.

"Tumekuja kuomba," akasema kwa sauti ya chini.

"Sikusikia."

"Tumekuja kumwomba Natalia, awe mke wa Valeriani."

Mama akalivuta jembe kwake. "Kwao wamekubali," akasema. Ndipo alipolia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Shimo la kwenye mianzi likafukiwa. Bibi alizikwa ubavuni mwa mumewe kabla jua halijatua, na sala zote zikasomwa. Jembe mama alikwenda nalo nyumbani, akalilimia shamba lake la mpunga mpaka akazeeka, na sasa liko kwangu.

Watu hupenda kuniambia, Rosa, acha hasira, mambo yaliisha vizuri. Yalimwishia vizuri nani? Leodegar alikula mbuzi wa mama yangu, na mpunga wa bibi ulibaki ghalani mwake. Bibi alipika katika nyumba ile, akazaa humo, akauguza wazazi wao, akazeeka humo. Siku waliyokuja kumposa alikuwa amekwisha kufungwa sanda.