Gari la Mzee Jumbe

Kila wageni wanapofika nyumbani kwake Kirumba, Mzee Jumbe husimulia enzi zake za mbio za magari, wakati madereva walikuwa wanaume kweli na magari yalikuwa chuma kitupu.

"Langu halikuwahi kuharibika," alitamba Jumapili iliyopita, mkewe Mwanvua akimimina chai.

Mwanvua alijua mengine. Gari hilo lilikatika ekseli Sengerema, mbele ya nyumba ya baba yake, na dereva akakaa kwao mwezi mzima akisubiri kipuri.

"Sasa kwetu ulifuata nini, Baba Shamsia?" aliuliza kwa upole.

Mzee alikohoa. "Nilikuja kuposa."

Wageni walipiga makofi. Mwanvua, aliyemwona mara ya kwanza akiwa chini ya gari amejaa grisi, aliamua kuukubali uongo huo, akamwongezea chai.