Sahani Ninayoirudisha Jikoni

Nyumba nzima inaniombea nipone, na mimi nimewaficha kwamba sikuwa mgonjwa. Ninyi wa ukurasa huu, lifunikeni jina langu. Nina miaka sabini na minane, nilikuwa mwalimu tangu tukiwa ukimbizini Tanzania, na sasa ninaishi Rumonge kwa mwanangu, mke wake na wajukuu wanne.

Kwetu mzee hutengewa chakula chake peke yake, na anachobakiza ni cha wajukuu. Mimi pia nililelewa hivyo, nikisubiri mlangoni babu yangu amalize. Mwanangu ana mashua ya kuvua ndagala, lakini esansi, mafuta ya injini, inatafutwa siku hizi kama dawa. Mashua imekaa mchangani hata buibui wamehamia ndani. Sokoni kila kitu kimepanda, kuanzia unga wa mihogo hadi chumvi. Mkwe wangu akaanza kupika mara moja kwa siku, ila sahani yangu haikupungua. Ndagala zote za nyumba zilikuwa juu ya ugali wangu, watoto wakila sombe tupu, majani ya mihogo bila kitoweo.

Nikaanza kubakiza samaki, halafu na nusu ya ugali. Mkwe wangu akaona.

"Databukwe, chakula changu kimekuwa kibaya?"

Baba mkwe hamwambii mke wa mwanawe kwamba nyumba yake ina njaa. Ni kumvua nguo. Nikasema, "Hapana mama, ni tumbo tu."

Jioni ile mjukuu wangu wa mwisho alitoka jikoni akilamba vidole. "Babu, na kesho uumwe!"

Tulicheka wote, hata mama yake. Kesho yake nikaumwa, na siku zilizofuata.

Sasa nimebaki mifupa. Nikisimama, naona giza. Mwanangu ameamua kuuza shamba letu la michikichi kule Gatete ili anipeleke hospitali Bujumbura. Michikichi ile niliipanda mwenyewe tuliporudi, na tangu mashua ilale, mawese yake ndiyo yanayotununulia unga.

"Ukiuza, watoto watakula nini?" nilimuuliza.

"Mzee, mchikichi unapandwa. Baba hapandwi."

"Mimi niko sawa."

"Sawa wapi? Hata panya wa humu wanakushinda uzito!"

Mnunuzi anatoka Nyanza-Lac, atafika Jumamosi. Nikisema ukweli, mkwe wangu atajua kwamba nilimwona akishindwa, na watoto watajua walikuwa wanakula nini. Nikinyamaza, michikichi inakwenda. Ninyi mlio na wazee nyumbani, au mlio wazee kama mimi, niambieni: neno hili nilianzie wapi, na kwa nani?

Nilidhani imebaki njia moja: nile mbele yao, waone nimepona, mnunuzi arudi alikotoka. Jana walipokwenda kanisani nikajaribu kwanza peke yangu, nyuma ya nyumba. Tonge dogo na ndagala moja. Havikushuka. Nikasukuma kwa maji, vikarudi vyote. Nilivifunika kwa mchanga kabla hawajafika, nikakaa kitini, nikawaitikia amahoro walipoingia.

Hilo ndilo sijamwambia mtu hata mmoja. Siwezi tena kula.