Stoo Ambayo Datius Hakuipima

Saa tatu asubuhi, Datius Lwakatare yuko juu ya ngazi ndani ya stoo ya makao ya wazee, Muleba. Anakaza skrubu za kidude cheupe kinacholingana na kiberiti.

"Kilitakiwa kuwa hapa tangu siku ya kwanza," anasema.

Datius, 44, ni fundi wa redio mwenye kibanda Bakoba, mjini Bukoba. Miaka miwili iliyopita aliyafungia makao haya mtambo wa kuwatambua wazee walipo. Kila mzee huvaa kifaa shingoni. Kifaa hicho hutoa wimbi la redio pamoja na mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Redio hufika papo hapo, mlio huchelewa kidogo. Vidude vya darini hupima kuchelewa huko, hupeana taarifa bila nyaya, na skrini ya muuguzi huonyesha mzee alipo.

Aliweka vidude kumi na kimoja. Stoo aliiruka.

"Niliona huko hakai mtu."

Asubuhi moja ya Mei mwaka jana, Mzee Kahigi, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, hakuonekana. Skrini ilimwonyesha ukumbini, mahali alipopimwa mara ya mwisho.

"Ukumbini hayupo," anakumbuka muuguzi Annastella. "Tukajua ametoka nje. Tulitafuta migombani mpaka barabarani. Kumbe mlio ule haupenyi ukuta."

Walimkuta saa tano baadaye, ameanguka stoo kati ya magunia ya kahawa, nyonga imevunjika. Alifariki wiki tatu baadaye.

Datius alikwenda msibani, akakaa nyuma kabisa. Bintiye marehemu, Kemilembe, ndiye aliyemfuata.

"Nilimwambia, 'Kaka, sikulaumu,'" anasema Kemilembe. "'Lakini taata, baba yangu, alilima kahawa maisha yake yote. Ungeniuliza, ningekwambia atakwenda wapi.'"

Datius anafuta vumbi mikononi. "Nilipima kuta zote. Kumuuliza Kemilembe hata dakika tano, sikumuuliza."

Tangu hapo amekataa kazi mbili za aina hii.

Sasa anataka kuzitembelea familia za wazee wote ishirini na wawili waliobaki, kuanzia kata ya Ijuganyondo, ajue kila mmoja alizoea kwenda wapi. Amemwomba Kemilembe wafuatane.

Kemilembe amekubali, kwa sharti moja: maswali atauliza yeye.