Fundo la Sukari Guru

Mume wangu alikuwa mvunja mawe. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa hiyo ni kazi gani. Mji wetu umejaa mawe, na asiyeyavunja hujenga juu yake. Alikuwa na mabega mapana na majigambo mengi, kwa hiyo alipoanza kukonda na kunywa maji mtungi mzima, wenzake walimtania kwamba mke amemzidi nguvu. Mimi sikucheka. Sisimizi walikuwa wakikusanyika pale alipokojoa uani, na ugonjwa huo wa sukari nilikwishauona ukimmaliza mjomba wangu kule Usagara.

Hospitali wakamwanzishia sindano. Ilikuwa karibu na Uhuru, kila mtu mjini anazungumzia mambo mapya yanayokuja, na kwetu jambo jipya lilikuwa kichupa cha dawa na bomba la kioo la kuchemshwa kwenye sufuria ndogo kila alfajiri. Jokofu hatukuwa nalo. Kichupa tulikifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi. Yeye aliyepasua majabali kwa nyundo aliiogopa ile sindano mpaka akawa anafumba macho. Mimi ndiye niliyemchoma, pajani, naye akawa ananiita dresa wake.

Dresa wa kweli, pale hospitali, alituambia mambo mawili. La kwanza, sukari marufuku. La pili, akishachomwa lazima ale. Asipokula, dawa itamgeuka, atatoka jasho na kutetemeka, na hapo sukari hiyohiyo iliyokatazwa ndiyo itakayomwokoa. Basi asitembee bila kuwa nayo kidogo. Nikanunua kipande cha sukari guru, nikakifunga kwenye pembe ya leso, nikakitia kwenye mfuko wa koti lake.

Mama mkwe tulikuwa tunaishi naye. Jambo la kwanza alilielewa vizuri mno. La pili nilimweleza mpaka nikachoka.

"Mwanangu, sumu ni sumu," alinijibu. "Hakuna sumu ya Jumatatu na sumu ya Jumanne."

Akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wasimpe mwanawe chai ya sukari. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana angekuwa mtu mbaya.

Baada ya muda mume wangu akanenepa, akarudi mlimani, majigambo yakarudi naye. Nikaanza kuamini kwamba tutazeeka pamoja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliamini.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshamchoma, uji uko jikoni unatokota, tukasikia kilio nyumba ya tatu. Mzee jirani alikuwa amefariki. Mtaani kwetu, maiti ikiwa bado ndani, hakuna anayepika wala kula mpaka watu warudi makaburini. Mama mkwe akaepua uji, akamwagia moto maji.

"Mama, ameshachomwa sindano," nikamwambia. "Ale japo kidogo."

"Watu wakisikia mwanangu kanywa uji na maiti iko ndani, nitaficha wapi uso wangu?"

Mume wangu mwenyewe akasema atakula baadaye, akaenda kukaa na wanaume wenzake msibani. Haukupita muda, wachimbaji wakatuma mtu: kaburi limegonga jabali. Kwetu kaburi likigonga jabali huitwa mvunja mawe, na yeye hakuwahi kukataa. Akarudi nyumbani kuchukua nyundo na tindo, akavaa koti. Nikamuuliza kuhusu leso. Akaupapasa mfuko kwa nje, bila kutazama.

"Dresa wangu, ipo," akasema.

Yaliyofuata nilisimuliwa, maana wanawake hatuendi makaburini. Alipiga jabali mpaka jua likawa kali. Jasho lilipomvuja, walisema ni kazi. Alipoanza kuropoka na kucheka peke yake, walisema ni uchovu, wakampa maji. Jeneza likafika mume wangu akiwa bado anapiga. Ndipo akaiacha nyundo, akasema, "Koti. Nipeni koti." Mtu akalileta, wakapekua mfuko. Leso ilikuwemo, safi, imekunjwa vizuri, haina kitu. Akaanguka palepale ndani ya kaburi la watu.

Wakamtoa, wakaishusha maiti kwenye mkeka, wakamlaza yeye kwenye jeneza lililomleta jirani yetu, wakakimbia nalo hospitali. Dresa akampitishia sukari kwenye mshipa. Hakuamka.

Waliokuja kunipa pole waliniambia ajali haina kinga. Niliwachukia wote. Hii ilikuwa nayo kinga, niliifunga fundo kwa vidole vyangu mwenyewe.

Siku ya pili ya msiba mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake, analia na kusimulia.

"Juzi yake nilimkuta na sukari guru mfukoni, jamani! Mtu mzima, anakula kwa kificho kama mtoto! Nikaitupa. Leso nikaifua, nikaipiga pasi, nikairudisha. Angalau mwanangu hakufa na sumu mwilini."

Wanawake wakaitikia, wakamsifu kwa uangalizi wake. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Niliitazama mikono yake, ile ile iliyomlea, na sikupata neno ambalo lisingemuua.

Uhuru ulinikuta ndani, niko eda. Nilisikia ngoma na vigelegele barabarani, nikageukia ukutani. Kila mtu alikuwa na kesho yake, na mimi sikuitaka yangu.

Mama mkwe niliendelea kuishi naye mpaka nilipomzika. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa jinsi alivyomlinda mwanawe na sukari mpaka siku ya mwisho. Akimaliza, alinigeukia.

"Si kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama," nilimjibu, nikainuka kumtilia mgeni chai.