Saa za Kalamu

Mpwa wangu Yorladis ananusa uozo kabla nzi hawajapata habari. Karithi kwangu. Mimi nimepakia nyama kwenye ndege kuukuu hapa mjini Villavicencio miaka ishirini na mbili, na kilo sijakosea, waulize walio hai.

Anasomea urubani. Alikuwa na saa mia moja sitini za kuruka. Kampuni kubwa ya ndege ya mji mkuu, Bogotá, ilitaka mia mbili, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Jumatatu mawingu yakaatamia uwanja kama kuku. Hadi Alhamisi hakuna aliyeruka, na mvua haijakoma.

Ndipo Kapteni Baldomero, mwenye chuo cha urubani, akamwita ofisini. Nikamfuata, maana hata huyo Baldomero nilimsukumia ndege akiwa hajui mkia wala pua.

Akafungua daftari la safari la Yorladis, linaloandikwa kila saa aliyoruka, akachomoa kalamu. "Binti, tusichoshane. Arobaini zilizobaki nazijaza mimi. Kila mtu hapa ana saa za kalamu."

"Zako ngapi, Kapteni?" Yorladis akauliza.

"Usinichimbe. Marubani hawatoshi, kampuni zinawatafuta kwa tochi, wewe unaleta maswali."

Nikamkanyaga Yorladis mguu. "Kubali, mama. Leseni yangu ya lori nilipewa na shemeji, na sijagonga hata kuku."

"Na ukuta wa kanisa, mjomba?"

"Ule ulikuwa umeshainama."

Hakucheka. Aliitazama ile kalamu kama mtu aliyekuta funza katikati ya mkate wa jibini, tena nusu keshameza.

"Saa hizo arobaini ndizo za kujifunzia kutua gizani na kwenye upepo wa ubavuni," alisema. "Watu mia na themanini watakaa nyuma yangu, wewe unawapa wino. Na hao wa Bogotá wanalia marubani hawapo, lakini hawaulizi waliopo wameokotwa wapi. Mnanitia kichefuchefu nyote. Na wewe mjomba."

Akachukua daftari lake, akatoka mvuani.

Ijumaa maombi yakafungwa. Wenzake wanne wa chuoni wamechukuliwa, saa za kalamu na yote. Jumamosi jua likawaka, naye akaruka saa yake ya mia moja sitini na moja. Nafasi nyingine labda mwakani, labda isiwepo. Hadi leo Baldomero hamsalimii.

Mmoja wa wale wanne ameniahidi kiti cha dirishani kwenye ndege yake siku akianza kazi. Nimemshukuru sana. Lakini Bogotá nitaenda kwa basi, heri nitapike kila kona.